Ukope Uliotembea

Asubuhi niliyoondoka Garissa sikuwa na safari. Nilitoka nyumbani kununua mkate, nikasimama kutazama lori likipakiwa sukari na unga, na kwa kuwa nilitaka kujua ni kwa nini kamba ya turubai ilifungwa kwa fundo la namna ile, nikamsaidia dereva kuvuta. Kwa kuwa nilivuta vizuri, akaniuliza kama naweza kukaa juu ya mzigo bila kulala. Nikapanda na mkate wangu. Nilikuwa na miaka ishirini. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, bila kufukuzwa na bila kukosa karo, nimetoka tu kama mtu anavyotoka kwenye chumba chenye joto. Hata jina la tuendako sikuuliza mpaka tulipokwisha kupita Modogashe, tuliposimama kwa sala ya adhuhuri, na dereva akanijibu huku akikunja mikono ya shati ili atawadhe: "Griftu, kwa mama yangu." Dereva huyo aliitwa Bishar. Mwezi uliopita alinipigia simu, baada ya miaka mingi ya kutosemezana, kuniambia kwamba mama yake amefariki. Nilisema maneno tunayosema, naye akaitikia. Kisha akasema, "Garissa, mimi bado nauona ule ukope," na hapo simu ikakatika, au aliikata.

Garissa ndilo jina nililopewa kule. Mama yake Bishar, ambaye mji mzima ulimwita Edo Ebla, yaani Shangazi Ebla, aliniuliza jina langu la kweli mara moja tu, akaona halina faida, akanipa la mji nilikotoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye funguo nyingi shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia. Nyumba yake ilikuwa hoteli ya chai kwa mbele na malazi kwa nyuma. Malazi yenyewe yalikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe meupe na paa la mabati, mikeka kumi na minane ikiwa imepangwa sakafuni, na juu ya kila mkeka blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Wachungaji waliokuja na mifugo walilala pale usiku wa kuamkia siku ya soko na usiku wa siku yenyewe, kisha chumba kikabaki kitupu hadi wiki nyingine, kikinuka moshi, maziwa na jasho la watu waliotembea mbali. Kazi yangu ilikuwa kubeba vikombe, na asubuhi baada ya wageni kuondoka, kuyakung'uta mablanketi na kuyatandaza juu ya ua wa miiba yapigwe na jua. Mshahara haukuwepo, ila nilikula. Nilikula anjera ya moto, ule mkate mwembamba kama chapati ya maji, na chai ya maziwa ya ngamia, wali na mbuzi siku ya soko, na mara chache, Edo akifurahi, vijiko viwili vya nyirinyiri, zile nyama kavu zilizolala ndani ya samli, kutoka chombo alichokifungia kabatini kama hati ya shamba.

Nilibaki Griftu kwa sababu ya maneno. Mwendo wangu hadi leo ni huo: nabaki mahali mpaka niishiwe na maswali. Jioni nilikaa kwenye kizingiti nikisikiliza watu waliotoka pande zote wakizungumza habari za majani, visima na ngamia aliyezaa njiani, na nilipokosa kuelewa nikauliza, nao wakacheka, wakanieleza. Kisomali changu ni cha mjini. Waliniambia nazungumza kama redio. Aliyenicheka zaidi ni Adeer Siyat, yaani Ami Siyat, ndugu mdogo wa marehemu mume wa Edo, dalali wa ngamia mwenye ndevu za hina, mtu ambaye neno lake ndilo lililofunga mazungumzo yoyote katika familia ile. Kila wiki alikuja na wateja wake, na kila wiki alilala mkeka wa kwanza karibu na mlango, hewa inapopita. Mwingine niliyemsikia zaidi ya kumwona alikuwa Safiya, mke wa Bishar. Yeye alipika na kufua, upande wa pili wa pazia la jikoni, na katika miezi mitano sidhani tuliambiana maneno ishirini, na yote yalihusu maji. Mvua ilikuwa imekatika. Maji yalikuja kwa punda, yakagawiwa: chai kwanza, kisha udhu, kisha sufuria. Nilimsikia Safiya akimwambia mama mkwe wake kwamba mablanketi yananuka na yanataka kuchemshwa. Edo akajibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa kwa harufu, na jua la Griftu linatosha. Wiki iliyofuata Safiya akasema tena. Nilisikia kijiko tu kikizunguka ndani ya kikombe.

Edo alikuwa na kazi nyingine, isiyolipwa, iliyompa heshima kuliko hoteli. Kati ya funguo zake kulining'inia kibano kidogo cha chuma. Upande ule watu wengi, hasa wanawake wazee wa porini, waliugua macho yale ambayo kope zake hujipinda ndani na kukwangua mboni kila mtu anapopepesa. Walikuja asubuhi, wakikaa wanatazama jua, na Edo akawang'oa kope zilizopotoka, moja baada ya nyingine, kwa mkono usiotikisika. Kila ukope aliong'oa aliulaza juu ya ukucha wa kidole gumba chake cha kushoto, akamwonyesha mwenyewe. Alisema mtu lazima amwone aliyekuwa akimchoma, ndipo moyo utulie. Kisha akaupuliza ukaondoka. Niliwahi kumuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa bibi yake, na bibi yake kwa maumivu yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu yeyote pale aliyekuja na jicho jekundu, hakuna aliyefikiria jambo jingine. Jicho likiwasha, ukope umepinda. Ukope umepinda, nenda kwa Edo.

Macho yangu yalianza kuwasha mwezi wa tano wa kukaa kwangu. Hayakuwasha kama ya vumbi, ambayo unayaosha ukasahau. Yaliwasha ukingoni kabisa, pale kope zinapoota, na kadiri nilivyosugua ndivyo yalivyozidi, mpaka yakavimba, yakawa mekundu kama ya mtu aliyelia. Asubuhi niliyakuta yamegandana. Kwenye kioo cha kunyolea niliona vitu vidogo kwenye mashina ya kope, vyeusi kidogo na vya kahawia, kama chembe za pilipili manga, na vingine vyeupe vimeng'ang'ania nywele zenyewe. Nilidhani ni uchafu wa jikoni. Edo alinitazama mara moja tu juu ya birika. Alipenda kunisemesha Kiswahili chake cha sokoni, kwa kuwa nilikuwa mtu wa mjini na yeye hakutaka kukisahau. "Wewe Garissa, macho yako iko na ugonjwa ya wazee," alisema. "Kaa hapa. Tazama jua." Akaning'oa kope tatu. Kesho yake nne. Kila siku alinionyesha kwenye ukucha, na kila siku nilikaza macho yaliyojaa machozi nione adui yangu, nikaona unywele. Alikuwa akishangaa kidogo, nakumbuka, kwamba kope zangu zilikuwa zimenyooka.

Siku ya tano aling'oa mmoja wa jicho la kulia, akaulaza juu ya ukucha, akaninyooshea. Ule ukope ukatembea. Sitii chumvi, nimejaribu miaka yote hii kutafuta neno jingine na sijalipata. Unywele ulikuwa umelala juu ya ukucha uliopakwa hina, na kwenye shina lake ile chembe ya pilipili manga ikafungua miguu, ikaushika unywele kama mtu anayekumbatia nguzo, ikausogeza. Niliogopa kupepesa. Kwa muda ambao siwezi kuupima nilikaa nimeyakodoa macho kwa sababu nilijua sasa kwamba kila ninapoyafumba nawafungia wadudu ndani. Radi imewahi kupiga karibu nami na nimeona lori likipinduka mbele yangu, lakini hakuna kitu kilichonishtua kama kugundua kwamba kitu ambacho nilikiita jicho langu kilikuwa na wakazi. Edo hakupuliza. Alimkandamiza mdudu kwa ukucha wa pili, nikasikia mlio mdogo, akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini kabisa, akafuta kidole kwa mchanga. Kisha akaniambia niende kwa daktari, nipite nyuma ya maduka, nisisimame na mtu.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja, na daktari kijana wa bara aliyekuwa ameboeka. Aliuinua uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akachukua lenzi, na nikaona jicho lake likikua, likikua zaidi, kisha likatabasamu. Akaanza kuzungumza kwa Kiswahili cha furaha, kama mwalimu aliyepata mfano mzuri. Hawa si chawa wa kichwani, akasema. Wa kichwani ni mrefu na ana mbio. Huyu ni mfupi, mpana, ana makucha kama kaa, anapenda nywele nene zilizoachana, na makao yake hasa ni huku chini, akaonyesha kwa kidevu, kwenye nywele za siri. Huku juu amepanda kwa sababu kope zinamfaa vilevile. Wanakaa hapa wananyonya damu, wanataga, na ukingo wa jicho unavimba kwa mate yao. Nilikuwa nimeinama mbele kwa udadisi, nikiwa nimesahau aibu, nikitaka kumuuliza ana miguu mingapi. Ndipo akasema, kwa sauti ileile, dirisha likiwa wazi na foleni ya kina mama ikiwa imekaa chini yake: "Mara nyingi mtu anampata kwa kulala na mtu. Sema basi, ni nani huyo?"

Mimi nikacheka. Sijui niandike vipi ili msomaji ausikie mcheko ule. Haukuwa wa kukiri na haukuwa wa furaha. Ulikuwa ule unaomtoka mtu akikanyaga mahali ambapo hakuna sakafu. Lakini ulitoka, mrefu na wenye sauti, ukapita dirishani. Daktari akacheka pia, kisha akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi, kwamba mdudu huyu hupatikana hata kwa blanketi au taulo la mtu mwingine, kwa kuwa huishi siku moja au mbili nje ya mwili, na kwamba malazi yote yachemshiwe matandiko na kila anayewashwa apakwe dawa. Akanitolea wale aliowaona, mmoja mmoja, akanipa kopo la mafuta ya mgando nipake mazito ukingoni mara mbili kwa siku, siku kumi, yawakoseshe pumzi. Nilipotoka nje foleni ilikuwa imepungua. Waliokuwa wameondoka walikuwa wameondoka na nusu ya kwanza ya maelezo, pamoja na mcheko wangu.

Kabla ya sala ya alasiri Griftu ilijua. Na Griftu ilipojua, ikaanza kutazama macho. Ilichukua siku mbili tu mtu kugundua kwamba Safiya, anapoinua pazia la jikoni kutoa vikombe, macho yake ni mekundu, na kwamba anayasugua kwa ncha ya shungi. Baadaye nilielewa ilivyokuwa: siku za soko wageni walipozidi, Edo alilitoa blanketi la Safiya mwenyewe likatandikiwa mgeni, na kesho yake Safiya alichukua lolote kutoka kwenye rundo. Mimi nilifanya vivyo hivyo. Usiku wa kule una baridi, na watu wote hujifunika gubigubi, uso na yote. Lakini nani anaeleza mambo ya rundo la mablanketi mahali ambapo kuna kijana mgeni, mke wa mtu, mume aliye safarini Moyale, na mdudu ambaye daktari mwenyewe ametaja anakokaa? Wateja walikunywa chai yao wakinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Mchungaji mmoja aliyekuwa akinipenda, ambaye ndiye aliyenifundisha majina ya rangi za ngamia, alinivuta pembeni akanishauri kwa upole nipande gari lolote. Alisema Adeer Siyat amekwisha kutuma habari kwa Bishar, na kwamba ameapa mwanamke yule atarudishwa kwa kaka zake porini bila talaka ya heshima, na kila mtu atajua ni kwa nini. Akanionyesha pikapu iliyokuwa ikijaza mafuta.

Nilikwenda nyuma kuchukua shati langu. Safiya alikuwa akianika matambara. Hakugeuka. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia ambayo hayakuhusu maji. "Ukiondoka leo," alisema, akiendelea kuanika, "umenimaliza. Kaa hapo ulipo uonekane." Nikalirudisha shati msumarini. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa shujaa. Ukweli ni kwamba miguu yangu ilitaka ile pikapu, na nilibaki kwa sababu nilishtuka kuona mtu aliyekuwa katika shimo kubwa kuliko langu akizungumza kwa utulivu namna ile. Usiku ule na uliofuata nililala barazani mbele ya hoteli, mbele ya macho ya watu, uso umepakwa mafuta kama anayekwenda harusini. Edo alipita mbele yangu mara nyingi. Hakusema kitu kwangu, wala kwa Safiya, wala kwa yeyote. Sikumwelewa wakati ule. Leo namwelewa zaidi ya ninavyotaka. Alikuwa amejua tangu mdudu alipotembea kwenye ukucha wake. Alichokuwa akipima ni hiki: akisema neno moja, blanketi, hakuna mchungaji kati ya hapo na mpakani ambaye angelala tena kwake.

Bishar alifika akiwa na vumbi la njia nzima. Hakunisalimu. Safiya alimweleza jioni ile, na akamweleza tena alfajiri. Pazia lilikuwa jembamba na sauti yake haikupanda hata mara moja, na sikusikia jibu. Asubuhi tuliitwa kwenye chumba kirefu. Mikeka ilikuwa imekunjwa, na wanaume sita wa familia wamekaa kando ya ukuta, Adeer Siyat katikati, jua likimpiga usoni kutoka mlangoni. Safiya alisimama penye pazia, uso umefunikwa hadi macho, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Niliulizwa, nikasema. Nilisema habari ya dirisha, ya mcheko, ya nusu ya pili ya maelezo. Nilisema niko tayari kuapa kwa msahafu. Adeer Siyat alisikiliza akijifuta macho kwa pembe ya kilemba, akasema kwamba mtu aliyeweza kufanya lile anaweza kuapa, kwamba vumbi la maneno linaumiza macho kuliko vumbi la njia, na kwamba mdudu hasemi uongo. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Bishar alikuwa akitazama sakafu. Nilimwona Safiya akimtazama yeye tu, si sisi, akingoja ainue kichwa.

Edo alikuwa ameleta chai. Aliiweka sinia chini, akasimama kwa muda, akimtazama shemeji yake akijifuta, akijikuna, akijifuta tena. Kisha akapiga magoti mbele yake akavua kibano shingoni. Alimwambia, kama alivyowaambia wote waliowahi kukaa mbele yake, atazame jua. Nadhani ni mazoea yaliyomfanya mzee yule atii. Nusu ya Griftu ilikuwa imekaa mbele ya mkono ule. Aliinua kidevu. Edo akang'oa mmoja, akaulaza kwenye ukucha wa kushoto, akangoja. Hata kutoka nilipokaa nilijua, kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka. Akainuka na kile kidole akakipeleka kwa mtu wa kwanza ukutani, kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayegawa chai, kila mmoja akiinama kutazama na kurudi nyuma kwa kishindo, hadi akafika kwa mwanawe, na kwa Bishar akakaa zaidi. Mwisho akarudi kwa mwenyewe.

"Siyat," akamwambia, "huyu umempata kwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Ndevu za hina zilikuwa zikitetemeka. Naye Edo hakumngoja. Akageuka akasema kwa wote kwamba mablanketi ni yake, hayajafuliwa tangu mvua ikatike, Safiya alimwambia mara mbili naye akachagua chai, na atakayetaka kumtangaza mtu amtangaze yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo pembeni, akabeba aliyoweza, akayatupa nje. Sisi sote tulibaki tukitazama ule mkeka uliokunjwa karibu na mlango. Kila mtu, nafikiri, alikuwa akihesabu kimoyomoyo siku alizolala chumbani mle, na nilimwona mmoja wa wazee akiupeleka mkono jichoni, akauzuia njiani.

Bishar alisimama wakati huo. Alikuwa analia bila kujificha. Alimwendea mkewe akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga jambo, kwamba basi yamekwisha, waingie ndani. Safiya hakusogea. "Nilikuambia jana," akasema. "Nikakuambia tena alfajiri. Hukusikia. Mdudu amekuambia mara moja, ukasikia." Akaomba apelekwe kwa mama yake, Eldas. Si kwa hasira. Aliomba kama anavyoomba mtu aliyeketi kupita kiasi ainuke anyooshe miguu. Watu walijaribu sulhu siku mbili. Edo mwenyewe alimwomba. Safiya alikwenda, na hakurudi kwa Bishar. Baadaye aliolewa kwingine. Lakini katika ile simu ya mwezi uliopita, kabla ya lile neno la ukope, Bishar aliniambia kwamba mama yake alipofariki, aliyefika wa kwanza na kuingia kumwosha alikuwa Safiya.

Mimi Edo aliniambia niende pia. Hakunifukuza. Alisema watu wakiniona mimi watamwona Safiya, na afadhali mmoja wetu asionekane. Siku iliyofuata soko nilipanda pikapu ya mbuzi hadi Wajir, nikashuka mchana, macho bado yana mafuta, kila mkokoteni wa punda na kila nyumba ya mawe meupe vikiwa na ukungu pembeni. Sikujua mtu. Nilitembea kufuata harufu ya chai nikapata malazi karibu na soko la ngamia, na mwenyewe, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua daftari akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Griftu, aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimesikia habari ya kule. Akanisimulia bila kungoja jibu: mke wa dereva mmoja amefumaniwa na mpangaji, Mwenyezi Mungu akamwadhibu kwa chawa machoni ili kila mtu amjue, na yule kijana ametorokea Ethiopia.

Nilishtuka kuliko siku ya ukucha. Zilikuwa siku nne tu tangu kikao cha chumba kirefu. Hadithi ilikuwa imefika kabla yangu, imenenepa njiani, na mikononi mwa watu imepoteza blanketi, imepoteza Adeer Siyat, imepoteza kila kitu isipokuwa Safiya. Na pale nikasikia mcheko uleule ukipanda kooni, ule wa kukosa sakafu. Niliumeza. Nikamwambia mzee, "Huyo kijana ni mimi." Alivuta kiti chake nyuma. Nikaondoa kofia, nikamwonyesha mahali ambapo kope hazijaota bado, nikaanza kumweleza, kuanzia kwenye rundo la mablanketi, na nikamtaja Adeer Siyat kwa jina lake kamili na la baba yake. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai wakasogea, na mzee akaniambia nirudie mwanzo wao pia wasikie. Nikarudia. Nilisimulia mara tatu mchana ule, kila mara nikiona uso mmoja ukibadilika, na nilianza kuona fahari, niseme kweli, nilianza kufikiri kwamba nalipa deni la mcheko ule.

Nilipomaliza, mzee aliandika jina langu, lile la kweli, akainuka kunionyesha kitanda cha kamba mwisho wa ukumbi, kimoja peke yake. Njiani akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, yule mwanamke macho yake yamepona?

Nikasimama. Kopo la mafuta nilikuwa nimepewa mimi. Daktari alisema kila anayewashwa apakwe, nami nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na kwa wiki nzima Griftu yote ilikuwa imeyatazama macho ya Safiya, wanaume sita ukutani, mumewe, mimi, na hakuna mmoja wetu aliyeyatazama ili kujua kama yanauma.

"Sijui," nikamwambia.

Mzee akasema, "Haya," akanionyesha mahali pa kuwekea viatu.